Mwaka Babu wa Ardhi Alipohamia kwa Bi Luan

Siku ya tatu ya mwaka mpya Bi Luan alimmenyea mwanawe chungwa, akamwambia "ndiyo", na tangu saa ile neno lile likamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Mwanawe, Tsung-han, alikuwa amemwomba ahame. Hakumwomba kwa ubaya. Ni mtoto mwema, wa kumpigia mama simu kila jioni hata akiwa hana la kusema. Lakini kipupwe kile Bi Luan alikuwa ameteleza kwenye ngazi ya mbao ya nyumba yake, akamalizia vidato vya mwisho kwa makalio, paja zima likavilia damu. Hakuvunjika mfupa, Mbingu ilimhurumia. Ila Tsung-han alipoliona lile paja alikaa chini akalia, mtu mzima na miwani yake, na toka siku hiyo hakuwa na wimbo mwingine.

"Mama, chumba kipo. Lifti ipo. Unabonyeza kitufe, unapanda kama malkia."

Yeye na mkewe, Yi-chun, wanakaa ghorofani nje ya mji, huko kulikokuwa mashamba ya miwa, ambako barabara ni pana hata mtu akikusalimu toka ng'ambo unaona midomo tu. Basi pale mwaka mpya, mbele ya mkwewe na wajukuu, na chungwa mkononi, Bi Luan alimtazama mwanawe usoni akaona alivyokonda kwa wasiwasi. Akasema ndiyo, mwezi wa tatu, baridi ikiisha. Tsung-han akacheka kama alivyokuwa akicheka utotoni. Nani angelirudisha neno baada ya hapo?

Tatizo ni kwamba Bi Luan hakutaka kwenda popote.

Aliingia Kichochoro cha Ndoo Mbili akiwa bibi harusi, na hapo ndipo alipozeekea. Kinaitwa hivyo kwa sababu zamani, kabla ya mabomba, wachukuzi wa maji walipita na ndoo mbili zilizoning'inia kwenye mti begani, na mti ule ndio uliokuwa kipimo cha upana wake. Gari haliingii. Mwenye pikipiki, akiwa na adabu, huizima mwanzoni akaisukuma kwa miguu, na asiye na adabu hufundishwa na jirani yake Bi Luan, Bi Tho. Mji wa Tainan, huku Taiwan, ni mkubwa siku hizi, lakini Bi Luan haujui ukubwa wake, maana yote anayohitaji yako pale miguu yake inapofika kabla haijachoka: uji wa samaki wa asubuhi, soko, kinyozi, daktari wa meno asiye na huruma, na hekalu dogo la Babu wa Ardhi pale kichochoro kinapokutana na barabara.

Alikuwa na cherehani yake mlangoni. Hakuhitaji kibao cha biashara. Watu walimrushia suruali dirishani wakipita.

"Bi Luan, kiuno kimenikataa!" angesema kinyozi.

"Kiuno hakijakukataa, baba. Wewe ndiye uliyekikataa, kwa tambi za mafuta usiku."

"Basi nipanulie vidole viwili."

"Nakupanulia vitatu. Nakujua."

Ndivyo siku zilivyokwenda, na hakukuwa na siku aliyokula peke yake bila mtu kuuliza anakula nini.

Alipotoa ile ndiyo, hakumwambia mtu pale mtaani. Zaidi ya wote hakumwambia Bi Tho, jirani wa ukuta mmoja, muuza maharage matamu na tangawizi, shoga yake wa tangu wote wawili wana meno yao yote. Bi Tho akilijua jambo asubuhi, paka wa sokoni wanalijua adhuhuri. Bi Luan alijiambia: nitamwambia wiki ijayo. Wiki ijayo ikija, alijiambia hivyo hivyo.

Basi ikakaribia sikukuu ya Babu wa Ardhi, siku ya pili ya mwezi wa pili kwa kalenda ya mwezi.

Babu wa Ardhi si mungu wa makuu. Ana ndevu nyeupe na tumbo, na anajua kila mtu anakaa wapi. Kila mwaka siku yake hiyo huchaguliwa nyumba moja ya kumkaribisha, na mwenye nyumba huitwa mtunza chetezo. Sanamu ndogo ya Babu huhamia kwake pamoja na chetezo, akae hapo mwaka mzima. Mtunza chetezo humpa chai na udi asubuhi na jioni, na mlango wake hukaa wazi, kwa kuwa jirani yeyote anaweza kuingia kumwamkia Babu. Ni heshima kubwa. Wapo waliotamani maisha yao yote wakafa hawajaipata. Anayechagua si kamati wala mwenye fedha, ni Babu mwenyewe, kwa vile vibao viwili vyekundu vyenye umbo la mwezi mchanga: kimoja kikianguka chali na kingine kifudifudi, amesema ndiyo, vyote viwili chali, anacheka tu, vyote kifudifudi, amekataa. Jina la kila nyumba husomwa, vibao hutupwa, na nyumba itakayopata ndiyo nyingi mfululizo kuliko nyingine ndiyo yake.

Sasa, mwenye msiba, mwenye safari, au anayehama, kabla ya sikukuu huenda kwa Mzee Liao, mtunza hekalu, akaomba jina lake lipumzishwe mwaka huo. Ni neno dogo, halina aibu.

Bi Luan alikwenda. Mara ya kwanza alinunua udi, akauliza hali ya goti la Mzee Liao, akarudi. Mara ya pili akamkuta Bi Tho amekaa pale anapepea, akanunua udi mwingine. Mara ya tatu Mzee Liao mwenyewe akamwambia, "Bi Luan, udi huu wote unafukiza nyuki?" Akacheka, naye akacheka, neno likarudi tumboni.

Njiani akajipa moyo. Jina lake limesomwa kila mwaka tangu mumewe yu hai, na kila mwaka Babu alimpita kama mtu anayepita duka lililofungwa. Leo ndio amwone? Liache jina lisomwe, haliumi.

Siku ya sikukuu kichochoro kizima kilisimama mbele ya hekalu, na waliokosa nafasi walisimama kwenye ngazi za benki ya ng'ambo. Mzee Liao alitupa vibao kwa nyumba ya kinyozi: ndiyo, ndiyo, ndiyo, halafu la. Kinyozi akapiga paja. Nyumba ya muuza chai ikapata kicheko mara ya kwanza tu, watu wakamcheka na yeye. Bi Tho akapata nne, akaanza kupanga ataweka wapi madhabahu.

"Nyumba ya ukoo wa Ko, mjane, cherehani," akasoma Mzee Liao.

Ndiyo. Bi Luan akatazama viatu vyake.

Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo. Watu wakaanza kuhesabu kwa sauti. Ya tano ilipoanguka ndiyo, Bi Tho, aliyekuwa ameshindwa papo hapo, alisahau kuumia, akamkamata mkono akaubana. Ya sita. Moyoni Bi Luan alikuwa anasema, Babu, acha, Babu, utaniumbua, geuza hata kimoja. Ya saba ikaanguka, kimoja chali na kimoja kifudifudi, bila hata kuyumba. Ya nane ikawa kicheko, lakini nani alijali ya nane?

"Saba!" alipiga kelele Bi Tho. "Jamani, saba! Hata marehemu baba yangu hakuwahi kupata saba, na alikuwa anamwamkia Babu kuliko alivyomwamkia mama!"

Mzee Liao alimgeukia kwa adabu, kama desturi inavyotaka. "Mwenye neno aseme sasa. Una neno, Bi Luan?"

Nyuso zote zilimgeukia, zimefurahi. Alifungua kinywa.

"Sina neno," akasema.

Basi akawa na ndiyo mbili, moja ya mwanawe na moja ya Babu, na hizo mbili hazilali kitanda kimoja.

Babu aliletwa kwa miguu, kwa ngoma na matarumbeta, ingawa toka hekaluni hadi kwa Bi Luan unaweza kwenda na bakuli la supu ya moto na isipoe. Ili wasifike upesi mno, walizunguka kwanza soko lote. Wakamfikisha, wakampandisha juu.

Juu, kwa sababu juu ya kichwa cha Babu hapapiti mtu. Huwezi kumweka chini wewe ukawa unatembea dari lake na soksi zako. Chumba cha juu ndiko kulikokuwa na madhabahu ya nyumba, na kibao cha jina la marehemu mume, na kitanda cha ndoa, na dirisha la kutazamia mapaa. Bi Luan alilala juu miaka yote, na mwanawe alipomsihi ahamishie kitanda chini, alimjibu, "Na baba yako nimwache peke yake?" Kwa hiyo Babu alipandishwa kwa ile ngazi, ile ile, nyembamba na iliyosimama wima kama ya kukweza kuku.

Na watu wakapanda nyuma yake. Kila asubuhi, kabla ya soko, Bi Luan alisikia viatu vikivuliwa chini na mtu akipanda anahema. Kinyozi alikuja na maua. Muuza chai alikuja na chai, akidai kwamba ya Bi Luan ni ya kuchemshia nguo. Mwalimu mmoja mstaafu, aliyekuwa hamwamkii mtu tangu mkewe afariki, alipanda, akawasha kijiti cha udi, akakaa kwenye kiti cha dirishani mpaka saa nne akieleza habari za goti lake. Na Bi Luan naye, sinia la chai mkono mmoja, mkono mwingine kwenye kamba ya ngazi, alipanda asubuhi na kupanda jioni. Kila akifika juu moyo unamdunda. Kila akifika juu, vilevile, amefurahi.

Angefurahi zaidi kama si ule mwiba. Mwezi wa tatu ulikuwa mlangoni, na Tsung-han alisema Jumapili atakuja na maboksi.

Ijumaa, watu walipokwisha kuondoka, Bi Luan alipiga magoti mbele ya Babu akachukua vibao. "Babu," akanong'ona, "nilimwahidi mwanangu. Niende?"

Akatupa. Chali, chali. Babu anacheka.

"Basi nisiende?"

Chali, chali.

"Babu wangu, mimi ni mjinga, nieleweshe. Niende au nisiende?"

Kibao kimoja kilibingirika hadi chini ya kitanda. Aliingiza kichwa kukitafuta, akakikuta chali, na mwenzake vilevile.

"Unamuuliza nini huyo mzee mpaka unatambaa?"

Ilikuwa ni Bi Tho, mlangoni, na bakuli la maharage kwa ajili ya Babu. Bi Luan alitoka chini ya kitanda na vumbi kwenye nywele. Akajaribu kusema ni habari ya mahindi, hapana, ya mvua. Halafu machozi yakamtangulia, akasema yote.

Bi Tho aliliweka bakuli mbele ya Babu, akalinyoosha likae sawa, akalinyoosha tena.

"Tangu mwaka mpya," akasema mwishoni.

"Tangu mwaka mpya."

"Na jana umekula maharage yangu. Na juzi. Na siku ile nimekukanda mgongo."

"Nisamehe, shoga yangu."

"Nakusamehe nini? Mficha uchi hazai, Luan. Ungeniambia ningejua la kufanya." Akaketi chini karibu naye. Pua yake ilikuwa nyekundu, naye akasingizia tangawizi. Kisha akachangamka, maana Bi Tho hawezi kukaa na huzuni muda mrefu, humkera kama kiatu kidogo. "Lakini wewe hujaona? Umeshaokoka! Jumapili akija, mwambie: Babu amekataa. Mwambie, mtunza chetezo akihama mtaa unapatwa na tauni. Nani atabishana na Babu? Mimi nitasimama shahidi. Nitamwambia nimeota."

"Umeota nini?"

"Nitaota kesho."

Bi Luan alicheka, akijifuta macho kwa upindo. Lakini alipomtazama Babu pale kwenye moshi, na tumbo lake, na ule uso usiomharakisha mtu, kicheko kikaisha.

"Siwezi kumsingizia," akasema. "Nimeuliza mara tatu, mara tatu amecheka. Hajasema nikae. Nikimtia neno mdomoni, udi wa kesho nitamwashia kwa mkono gani?"

"Basi utasema nini?"

"Kweli."

"Mh," alisema Bi Tho. "Hiyo ndiyo itakayomuumiza."

Jumapili Tsung-han aliegesha gari mbali, kwenye maegesho yanayolipiwa nyuma ya benki, akaja kwa miguu na maboksi yaliyokunjwa kwapani. Ukitoka barabarani hadi kwa mama yake ni mwendo mfupi sana, ila kwa mtu aliyezaliwa pale si mfupi hata kidogo.

"Han! Kichwa hicho amekunyoa nani, adui yako?" kinyozi alimwita.

"Ni huko kwetu, mjomba."

"Kaa hapa nikirekebishe, usimtie mama yako aibu na ana mgeni mkubwa."

"Mgeni gani?"

Kinyozi akajishughulisha na mkasi wake. Muuza chai akampa kikombe anywe akiwa amesimama, akayatazama maboksi. Mwalimu mstaafu akamuuliza mkewe hajambo na akamwambia goti ni kitu cha kutunza. Alipofika mlangoni alikuwa ametoka jasho, amechanganyikiwa, na ndani akakuta jozi za viatu vya watu na harufu ya udi, na miguu ya mwanamke asiyemjua ikishuka ngazi kinyumenyume.

"Mama! Kuna nini hapa? Nani amekufa?"

"Hajafa mtu, mwanangu. Panda."

Alipanda, akamwona Babu. Amekulia pale, hakuhitaji kuelezwa. Aliweka maboksi chini taratibu. Waliokuwepo wakakumbuka kila mmoja kwamba ameacha chungu jikoni, wakashuka kwa mstari. Bi Tho alishuka wa mwisho, akaenda kwake, akaufunga mlango wake kwa kishindo ili isikike kwamba ameufunga.

"Ulijua utahama," alisema Tsung-han. "Jina hukulitoa?"

"Sikulitoa."

"Kwa hiyo sasa nitaambiwa Babu hataki. Mtaa mzima mmenizunguka, na Babu mmemweka mbele."

"Hapana," alisema mama yake. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani, kama mtoto aliyeitwa na mwalimu. "Babu nimemuuliza, hakujibu. Akitakiwa kurudi hekaluni, Mzee Liao atamchukua hata leo, na mimi nitaomba radhi. Hayo ni yangu na Babu. Ninayokwambia ni mengine. Siku ile nilikwambia ndiyo, na haikuwa kweli. Sikutaka kwenda, na sasa pia sitaki. Nilikuona umekonda, mwanangu, nikasema ndiyo kama mtu anavyompa mtoto pipi anyamaze."

Tsung-han alivua miwani akaipangusa kwa shati. "Yi-chun ameshapaka rangi chumba," akasema. "Amechagua pazia. Ameuliza watu wa umri wako wanapenda rangi gani."

"Nitamwomba msamaha mwenyewe. Nitapanda basi niende."

"Wiki zote hizi mimi nalala usingizi, nikijua unakuja."

"Najua. Ndiyo maana sikusema. Nilifanya vibaya."

Chini kichochoroni mtu alikuwa anasukuma pikipiki.

"Kwetu kuna nini kibaya, mama?" Hakuuliza kwa hasira tena. "Niambie nijue."

"Hakuna kibaya. Ni pazuri. Lakini nikishuka kwa hiyo lifti, nakwenda wapi? Nyinyi wote kazini, watoto shule. Nitasimama pale chini na mlinzi, tutazame magari." Akamshika mkono. "Siku niliyoanguka, Han, sikupiga hata kelele. Sikuweza, pumzi ilikatika. Tho alisikia mshindo ukutani, akaja na mwiko mkononi kabla sijajua niko wapi. Kinyozi akanibeba mgongoni hadi kwa daktari, na povu la mteja bado liko mkononi mwake. Kwenu ningekaa chini mpaka jioni mrudi."

Tsung-han aliinuka akaenda kusimama juu ya ngazi, akaitazama kule chini kwa muda mrefu kama mtu anayetazama kisima.

"Basi tuseme hivi. Sigombani na wewe, wala na Babu," akasema. "Nagombana na ngazi hii. Na sasa unaipanda na chai ya moto."

"Nashika kamba."

"Mama."

"Nashika kwa mkono mmoja," alikiri.

Tsung-han aligeuka. Akatazama kitanda, dirisha, kibao cha baba yake, Babu kwenye moshi wake. "Ashuke," akasema.

"Nani?"

"Babu. Ashuke akae chini."

"Hashuki!" sauti ilitoka ukutani, wazi kabisa, kana kwamba ukuta ndio uliosema. "Nani atamkanyaga kichwani?"

"Shangazi Tho," alisema Tsung-han bila kugeuka, "kama unasikiliza, si bora uje?"

Akaja, na mwiko. Nyuma yake kinyozi, na nyuma ya kinyozi Mzee Liao, ambaye mtu alikuwa ameshakimbia kumwita.

"Hakuna wa kumkanyaga," Tsung-han aliwaambia, "kwa kuwa juu hapatakuwa na mtu. Tupafunge. Babu akae chini, baba ashuke, na mama ashushe kitanda chake. Hakuna atakayepanda ngazi hii, si yeye wala nyinyi. Mzee Liao, inakubalika?"

Mzee Liao alikuna shingo. "Ilishafanyika, zamani, kwa nyumba ya ukoo wa Sng. Lakini mimi siamui. Aulizwe."

Wote wakamtazama Bi Luan, maana ndiye aliyekuwa anaombwa kitu. Chumba kile kilikuwa chake tangu harusi. Humo ndimo alimozaa, humo ndimo alimomfumba mumewe macho alipofariki. Dirishani, asubuhi njema, alikuwa anaona mapaa yote hadi mnara wa zimamoto, na njiwa, na nguo za watu alizozishona mwenyewe zikipepea. Chini ataona nini? Miguu na ndala. Aliigusa fremu ya dirisha kwa kiganja, akakiacha hapo kidogo.

"Muulize wewe, Han," akasema. "Wewe ndiye mwenye shauri."

Tsung-han alipiga magoti, miwani ikamteleza. Akatupa. Chali, chali. Watu wakaangua kicheko.

"Hujasema wewe ni nani!" Mzee Liao alimkemea. "Unamvamia mzee wa watu. Jina lako, baba yako nani, unakaa wapi, ndipo ombi. Na taratibu, si simu ya ofisini hii."

Akaanza upya. Mimi ni Ko Tsung-han, mtoto wa nyumba hii, nakaa nje ya mji, samahani siji mara nyingi. Naomba ushuke chini, Babu, kwa sababu ya mama yangu. Hapo akatupa upesi. Kimoja chali, kimoja kifudifudi. Tena, ndiyo. Tena, ndiyo.

"Sasa baba yako," alisema Bi Luan.

Marehemu aliulizwa kwa vibao vingine. Kifudifudi, kifudifudi. La. Akaulizwa tena. La.

Tsung-han akamtazama mama yake kwa hofu.

"Endelea tu," alisema Bi Luan. "Ndivyo alivyokuwa. Hata cherehani alikataa mara mbili nisinunue, ya tatu akaibeba mwenyewe."

Ya tatu ikawa ndiyo, na kinyozi akacheka hadi akashika ukuta.

Kazi ya kushusha ilichukua mchana wote, na hakuna aliyeulizwa kama ana nafasi. Kitanda kilikwama katikati ya ngazi, kila mtu akawa fundi. Bi Tho aliamrisha toka chini kwa mwiko. Nguo za kitandani na vyombo vilishushwa kwenye maboksi ya Tsung-han. Mwalimu mstaafu, asiyeruhusiwa kubeba kwa sababu ya goti, alipewa kumshikia Babu mwavuli wakati wa kumshusha, ijapokuwa ni ndani ya nyumba. Yi-chun alipigiwa simu, akauliza kama lile pazia linaweza kukatwa litoshe dirisha la chini. Bi Luan alisema linaweza, na kwamba akate nani kama si yeye. Simu ilipokatwa alibaki ameishika kifuani.

Jioni mwanawe alipigilia mbao mbili kuziba ngazi, akazitikisa, akazitikisa tena. "Nitakuja Jumapili kuona," akasema.

"Njoo. Kinyozi anakitaka hicho kichwa."

Kesho yake Bi Luan aliamka kukiwa bado kuna ukungu, hajui yuko wapi. Dari lilikuwa karibu mno, na kitanda kimegeukia upande mwingine. Akalala kimya. Zilipita ndala, kisha viatu vigumu, kisha mtu na kikapu kinacholia. Gurudumu la mkokoteni wa Bi Tho lilikwaruza, na Bi Tho akamtukana paka. Alijikuta anawatambua wote kwa miguu yao, mmoja mmoja, bila kufungua macho, na wengine aliwaombea wakipita.

Mlango ukagongwa, taratibu, kwa ukucha. Ilikuwa ni muuza chai na vijiti vyake vya udi.

"Bi Luan, mmeamka?"

"Babu ameamka," alijibu toka chini ya blanketi. "Mimi bado. Ingia."